Kopa Iliyokifunga Kitabu cha Dada

Hebu niambie wewe uliyekaa hapo, umeshawahi kuona kitabu kizima kikikataa kufunguka kwa sababu mtu kamchorea bibi yake kopa? Basi mie nimeona. Nimeona sebuleni kwangu hapa Nguvumali, chai inapoa kwenye kikombe na mjukuu wangu kashika kichwa kwa mikono miwili. Na kama hujui kopa, ni ile alama ya moyo iliyo kwenye karata, ile nyekundu, ambayo vijana wa siku hizi wanaitia kila mahali, hata wakikuomba uwatumie vocha.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati huyo mjukuu husema, "Bibi, umeruka tena."

Mie shule sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu, mama akaugua, nikatolewa kuja kusaidia nyumbani, na alipopona hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Lakini chuoni nilisoma. Chuo chetu sie si kile cha digrii, ni cha Kurani, cha kukaa mkekani na kuitikia kwa sauti. Huko ndiko nilikozijua herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo watu wa zamani huku pwani tulikuwa tunaandikiana Kiswahili chetu. Maneno ya Kiswahili, herufi za Kiarabu. Mpaka leo ukiniletea maandishi ya shuleni nasoma kama mtu anayetembea peku kwenye kokoto. Ukiniletea ya chuoni, nakwenda mbio.

Dada yangu yeye shule hakuujua hata mlango. Ni mkubwa wangu, anakaa Moa, kule karibu na mpaka. Chuo alisoma mpaka mwisho, akafundisha watoto wa watu mpaka wakawa na watoto wao. Herufi za shule kwake ni kama nyayo za kuku mchangani. Sasa macho yakaanza kumsumbua. Daktari akasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, matone aliyopewa ni ya kulinda kilichobaki. Na kilichobaki, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kama kuchungulia kwenye tundu la kitasa. Katikati anaona, pembeni giza, na tundu lenyewe kila siku linajibana.

Siku aliyotoka hospitali alilala kwangu. Tumekaa uani, namchambulia mchicha, akaniambia, "Mdogo wangu, Kurani ninayo kifuani, haiombi macho. Lakini kuna kitu kimoja nataka nikisome kabla hili tundu halijaziba. Hadithi ya mama."

Nikamwambia, "Hadithi ya mama haijapata kuandikwa, dada. Nitakusimulia, hata sasa hivi."

"Wewe unaruka."

Unaona? Si mjukuu peke yake.

"Na sitaki kusimuliwa," akasema. "Nikisimuliwa naipata pale unapotaka wewe. Mie nataka nikae nayo peke yangu, nirudie ninapopapenda, nisimame ninapotaka kulia. Niisome mwenyewe, kwa macho yangu, angalau mara moja."

Mjukuu wangu alikuwepo, yuko mlangoni na laptopu yake mapajani. Huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza. Kazi yake ni kutengeneza vitabu vya kusomea kwenye simu. Si kutunga yaliyomo, hapana, yeye anakipanga kitabu ili kikishaingia kwenye simu ya mtu kifunguke, kurasa zigeuke, picha zikae mahali pake. Ofisi yao iko Dar, lakini siku hizi wanaruhusiwa kufanyia kazi popote penye mtandao, na mtandao wa Nguvumali anasema si mbaya. Mie najua kinachomleta ni mihogo yangu ya nazi, lakini tuyaache hayo.

Akasema, "Bibi, mbona hilo dogo? Wewe iandike, mimi nitaifanya kitabu cha simu. Bibi wa Moa ataikuza herufi mpaka ziwe kubwa kama maandazi."

Dada akageuza uso wote kumtafuta, maana ndivyo anavyotazama siku hizi. "Kwa herufi zangu?"

"Kwa herufi zako."

"Basi fanyeni haraka," dada akasema. "Sina macho ya kungoja."

Sasa kazi ikaanguka kwangu. Mjukuu herufi za chuoni hazijui. Alikulia Dar, akasoma shule za Kiingereza, chuo cha Kurani alikwenda kidogo, akahama, akahamishwa tena, ikaishia hapo. Kwa hiyo wa kuandika ni mie, tena kwenye simu yake, maana alisema nikiandika kwenye karatasi yeye hataweza kuinakili.

Akanifungulia vile vitufe vya Kiarabu kwenye kioo. Herufi zimepangwa ovyo, si kwa mpango tuliofundishwa. Alifu iko huku, be iko kule, kama watoto waliotoka mapumzikoni. Nikauliza, "Na pe iko wapi?" Maana Waarabu hawana pe wala che, hizo sie tumeziongeza ili Kiswahili kitoshe. Akatafuta kwenye mtandao wake, akarudi anacheka. "Bibi, bonyeza be, usiachie."

Nikabonyeza be, sikuachia, na pe ikachomoza juu yake kama mtoto anayechungulia mgongoni kwa mama. Che nayo ilikuwa imejificha nyuma ya jimu. Nilifurahi mie, usiniulize. Nilikaa kutwa nzima nabonyeza herufi moja moja nione nani kabeba nani.

Nikawa naandika kila siku. Naanza alasiri kazi zikipungua, inaadhiniwa magharibi, naswali, narudi kwenye kochi naendelea mpaka kidole kinachoka. Hadithi yenyewe ni ya mwanamke mpika chumvi. Alikuwa akichemsha maji ya bahari pwani karibu na mikoko, na kila akiipua anaacha fungu moja pembeni, la nyoka mkubwa aliyekuwa anatoka mikokoni kuja kulamba. Kwa ajili ya fungu hilo nyoka alikuwa akimwacha binti wa mwanamke huyo apite mikokoni kuchota maji. Siku moja mwanamke akaolewa na mume mchoyo, mume akasema chumvi haigawiwi wanyama. Fungu halikuwekwa, na binti hakurudi kutoka kisimani. Jinsi mama yake alivyompata ndiyo hadithi yenyewe, na ni ndefu, ina nyimbo. Mama yetu alikuwa akiiimba pole pole mpaka dada ananibana mkono.

Nilipomaliza mjukuu akaichukua, akaikokota kutoka kwenye simu mpaka kwenye laptopu, akaipanga, akaniita. "Njoo uone kitabu chako."

Nikaja na miwani. Nikatazama. Hapakuwa na herufi yangu hata moja. Palikuwa na vitu vya ajabu: herufi O kubwa zimechomwa mshale tumboni, herufi U zimevaa vikofia, na vidubwasha vingine ambavyo hata shetani akiviona atauliza ni vya nani. Ukurasa baada ya ukurasa. Hadithi ya mama yote imekuwa hivyo.

Nikakaa chini. "Umeiua," nikamwambia.

"Haijafa, Bibi, ngoja."

"Nimeandika mpaka kidole kimevimba."

"Iko hapohapo. Inasomwa vibaya tu. Subiri nikuonyeshe."

Hapo ndipo nilipoanza kusogeza kiti karibu, maana mie nikielezwa kitu najisikia raha kuliko nikipewa. Akasema komputa haijui herufi. Haijui alifu, haijui A. Inajua namba tu. Kila herufi duniani imepewa namba yake, na komputa inatunza namba, halafu ikitaka kumwonyesha mtu inazigeuza kuwa herufi. Tatizo, namba zilipangwa na watu tofauti kwa mipango tofauti. Kuna mpango wa zamani wa Wazungu, mdogo, unajua herufi zao tu. Kuna mpango mpya mkubwa unaobeba herufi za watu wote, pamoja na zangu. Hadithi yangu ilihifadhiwa kwa mpango mkubwa. Lakini kitabu cha namna hii, ambacho maandishi yake anayaita XML, yaani eksi-em-eli, jina kama la dawa ya kunguni, juu kabisa kina mstari unaosema kimeandikwa kwa mpango gani. Na mjukuu wangu mstari huo aliunakili kutoka kwenye kazi ya zamani. Ukasema mpango mdogo. Komputa ikaamini, ikachukua namba za alifu yangu ikazisoma kizungu.

Nikamuuliza, "Ni kama nikutume dukani unga, nikwambie 'nne', usijue ni vibaba au ni pishi?"

Akafikiri. "Pishi ni nini?"

Watoto hawa. Nikamweleza kuwa kibaba ni kipimo kidogo, na pishi ni vibaba vinne, zamani mchele na unga tulipimiwa hivyo. Mtu akikutajia namba asikutajie kipimo, mmoja atakufa njaa, mwingine atalisha mtaa.

"Ehe," akasema. "Basi kichwani mwa kitabu niliandika kibaba, na ndani kuna pishi."

Akafuta lile jina la mpango mdogo, akaandika la mkubwa. Akafungua tena. Na hadithi ya mama ikarudi, wallahi, yote, kutoka kulia kwenda kushoto, pe zangu na che zangu zimekaa kama zilivyokuwa. Nilimpa kipande cha samaki kilichokuwa cha kesho.

Ungedhani yameisha. Dada akapiga simu jioni ile. "Kiko wapi kitabu?" Nikamwambia kiko njiani. Akasema, "Leo nimemimina chai nje ya kikombe." Aliisema hivyo tu, kama anayetoa habari za mvua. Nilipokata simu mjukuu akaniona uso, akasema tutakwenda Moa Jumamosi, kitabu kitakuwa tayari.

Ijumaa kitabu kikakataa kufunguka.

Hakikuonyesha hata vile vidubwasha. Kilikataa kabisa. Ukikigusa kinatoa ukurasa mweupe na maneno mekundu juu, ya Kiingereza. Mjukuu akapitia mstari kwa mstari. Chai yake ikapoa, nikaimwaga, nikamletea nyingine, nayo ikapoa. Mie nimekaa pembeni na tasbihi yangu, nawaza tundu la kitasa.

Mwisho akasema polepole, "Bibi, ni mimi."

"Umefanyaje?"

"Nimeongeza ukurasa wa kwanza. Wa kumtunukia bibi wa Moa. Nimeandika, 'Kwa bibi yetu', mtandao ukanigeuzia kwa herufi zake, halafu nikaweka kopa."

"Sasa kopa ina ubaya gani?"

Akanionyesha. Kopa hii hawaichori. Wanaweka kimshale kisicho na mkia, kile chenye ncha inayoelekea kushoto, halafu wanaweka tatu. Ukilaza kichwa begani unaona kopa imelala ubavu. Nililaza kichwa, kweli, nikaiona. Vijana wana akili ya kutumia shingo.

Lakini kile kimshale, akasema, kwenye vitabu hivi ndicho mlango wa amri. Komputa ikikiona inajua sasa naambiwa kazi: hapa anza aya, hapa weka kichwa cha habari. Inangoja kuambiwa. Badala ya amri ikakuta tatu. Ikachanganyikiwa, ikafunga kitabu chote, na hadithi ikabaki ndani.

"Kwa hiyo kimshale hicho hakiandikwi kabisa?" nikauliza.

"Kinaandikwa, lakini hakitajwi chenyewe. Unakipa jina la pembeni. Kuna alama nyingine, ile kama mtu aliyekunja miguu, ambayo watu wanaitumia badala ya 'na'. Unaanza na hiyo, unaandika vijiherufi viwili, unamaliza na nukta mkato. Komputa ikiona hivyo inajua, aha, hapa anamaanisha kimshale, ila hataki kukitaja. Basi haishtuki. Na msomaji yeye akifungua kitabu anakiona kimshale chenyewe, wala hajui kama kilisitiriwa."

Mie nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka tasbihi ikaanguka.

"Nini, Bibi?"

"Kumbe hii komputa yako kalelewa pwani."

Akanitazama.

Nikamwambia, wewe umenisikia lini nikimtaja babu yako jina? Akafikiri, akasema hajapata. Na hatapata. Mwanamke wa zamani huku kwetu hamtaji mumewe jina. Ni adabu. Mie namwita baba watoto, au mwenyewe, au yule bwana. Siku niliyokwenda kumzaa baba yako, karani wa hospitali kaniuliza jina la mume. Nimemtazama. Kauliza tena, nikamtazama. Akadhani sina mume, akaanza kunihurumia. Ikabidi nimwite mwanamke wa kitanda cha pili, jirani yangu, yeye ndiye akalitaja. Jina likaandikwa, na mdomo wangu haukulisema. Kila mtu kajua ni nani, na hakuna aliyetajwa.

"Na si mume tu," nikamwambia. "Jua likishatua, chumvi haitajwi. Ukienda dukani usiku useme nataka chumvi, mwenye duka hakuuzii, atakwambia hana. Unasema nipe dawa ya mboga. Na nyoka usiku hatajwi, atakuja. Unasema kamba. Mtu akisema jamani kuna kamba hapo mlangoni, hatuendi kuanikia nguo, tunakimbia."

Mjukuu alikuwa anacheka hana sauti. "Na ile alama ya kusitiria, Bibi, ile ya miguu iliyokunjwa. Yenyewe nayo haitajwi hivihivi. Ukiitaka kwenye maandishi unaisitiri pia."

"Yaani msitiri naye anasitiriwa?"

"Naye."

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "hiyo mashine yako ina haya kuliko wewe."

"Wewe bibi, mimi nina haya. Nimeficha tu."

Akaisitiri kopa yake. Kitabu kikafunguka. Nikamwuliza swali moja la mwisho: haya ya komputa ni ya usiku au ya mchana? Akasema wakati wote, haina magharibi. Nikasema basi imetuzidi.

Jumamosi tukaenda. Tulipanda gari la Horohoro, tukashuka njia panda, tukachukua bodaboda mbili mpaka Moa, yangu ikiwa mbele maana mie sipendi vumbi. Tulipita mashamba ya chumvi, maji yamelala kwenye vitalu, mjukuu akapaza sauti kutoka nyuma, "Bibi, ndiyo haya ya kwenye hadithi?" Nikamwambia ndiyo, na mikoko ndiyo ile.

Dada alikuwa ameshakaa barazani, kavaa kanga mpya kama anaposwa. Mjukuu akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshanyoosha mkono. "Leteni."

"Hata maji hujatupa, dada."

"Maji yako mtungini, mikono unayo. Leteni."

Mjukuu akapiga magoti mbele yake, akamfungulia. Herufi zikatokea. Dada akaileta simu usoni, akaipeleka mbali, akaizungusha kutafuta tundu lake lilipo. "Weupe huu unaniunguza." Mjukuu akagusa mahali, ukurasa ukawa mweusi, herufi zikawa nyeupe. "Hapo sawa. Kuza." Akakuza. "Kuza tena, mie si kijana." Mwisho yakabaki maneno machache tu kwenye kioo kizima, manene kama maandazi kweli.

Nikaona midomo yake inacheza. Halafu akasoma kwa sauti, ile sauti yake ya kufundishia chuoni, kila neno linashuka mahali pake. Alisoma ukurasa wa kutunukiwa, akafika kwenye kopa. "Hiki kimshale na tatu ni nini?"

"Ni moyo wa mjukuu wako, umelala ubavu," nikamwambia. "Ulitusumbua jana kutwa."

Akapapasa mpaka akapata kichwa cha mtoto, akaacha mkono hapo, akaendelea. Akasoma mpika chumvi, akasoma fungu la pembeni, akasoma nyoka anatoka mikokoni. Mie natazama chini, nasikia maneno ya mama yanarudi kwa mdomo wa dada kutoka kwenye kidole changu. Mara akanyamaza. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nikaogopa. Kumbe anacheka.

"Mdogo wangu," akasema, "hapa jua lilikuchwa."

"Wapi?"

"Hapa. Mama wa binti anaweka fungu la chumvi, nyoka anakuja kulamba. Nikigeuza ukurasa, anaweka fungu la dawa ya mboga, na kamba inakuja kulamba. Ulikuwa umeshaswali magharibi."

Mjukuu akasimama. "Bibi, uliandika kamba?"

"Ilikuwa imeshaingia giza," nikamwambia. "Wewe ulitaka nimwite aje sebuleni?"

Dada akasonga mbele na kidole. "Mchana. Mchana. Hapa jioni tena, kamba imemchukua binti. Hapa asubuhi."

"Hapo nilikuwa namsubiri fundi wa bomba, nikaandika asubuhi."

"Nimeona. Nyoka karudi." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Mtoto wa watu alikuwa amenyong'onyea. Katengeneza kitabu ambacho mnyama wake ukurasa huu nyoka, ukurasa ule kamba, na yeye herufi zote zimepita mikononi mwake hakujua. Akasema, "Bibi wa Moa, nisamehe. Nitarekebisha leo leo, kamba zote niziweke nyoka."

Dada akaacha kucheka. "Hapana. Usiguse kamba."

Tukamtazama.

"Mama alikuwa akitusimulia saa ngapi?" akaniuliza.

"Usiku," nikamjibu. Maana hadithi hazikusimuliwa mchana. Mchana ukisimulia tuliambiwa utaota mkia. Tulikuwa tunasimuliwa baada ya kula, taa ya chemli imeshawashwa.

"Mie sijapata kumsikia mama anamtaja nyoka," dada akasema. "Hata siku moja. Kamba ilitoka mikokoni, kamba ikalamba, kamba ikamchukua binti, na sie tunajifunika kanga mpaka puani kwa sababu tunajua kamba ni nani. Hizi kurasa za jioni ndizo maneno ya mama. Za mchana ni zako."

Niamini, umri wote huu sikupata kuliwaza. Nilikuwa nadhani najua hadithi nzima, kumbe mchana nilikuwa naiandika bila shela yake.

"Kwa hiyo nyoka ndiye abadilishwe," mjukuu akasema.

"Ndiye. Na chumvi."

Mjukuu akachukua simu, akatazama zile herufi, akakaa nazo. Akasema polepole, "Komputa inaweza kubadilisha zote mara moja. Lakini sitajua kama imebadilisha neno lenyewe au imekata katikati ya neno lingine. Mimi naziona tu kama michoro, Bibi. Namba zake nazijua. Zenyewe sizijui."

Hapo dada akageuka na uso wote, akamtafuta mpaka akampata kwenye tundu lake. Hakuwa anacheka tena. "Leo nimesoma kurasa chache, na jicho la kushoto limeshachoka, naona ukungu. Nitasoma kesho tena na keshokutwa, nitafika mwisho, inshallah. Lakini likishaziba, mdogo wangu huyu ana kisukari na magoti mabovu, hawezi kuja Moa kila nikitaka. Hadithi iko kwenye simu yako, imefunguka, haina kasoro. Atanisomea nani?"

Kule nje mtu alikuwa anapasua kuni. Nilitaka kujibu mie, nikajizuia, swali halikuwa langu.

Mjukuu akakaa chini mkekani, akasogea mpaka goti lake likagusa la bibi yake. Akaweka simu mapajani mwa dada, akauchukua ule mkono wa kufundishia, akakiweka kidole juu ya herufi ya kwanza kabisa ya hadithi.

"Hii ni nani?" akauliza.

"Alifu," dada akasema.

"Nianze na hii. Kila Jumamosi nitakuja, na siku nyingine Bibi atanifundisha Nguvumali. Macho yako yasipoona tena, nitakaa hapa hapa, nitakusomea mimi, mwanzo mpaka mwisho bila kuruka, na nikikusomea jua limeshatua, nakuahidi, hutanisikia namtaja."